Aliyepigwa na Radi Aguswe, Aokolewe



Hapa Buigiri tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili. Ndio wakati wa kupanda mtama, uwele na karanga. Ndio pia wakati wa radi. Mkulima yuko shambani, mchungaji yuko malishoni, watoto wako njiani. Wote wako mahali peupe.

Radi inaua. Tarehe 28 Juni 2011, wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, nchini Uganda, walikufa kwa radi. Tarehe 17 Oktoba 2018, wanafunzi 6 walikufa kwa radi shuleni huko Geita, hapa kwetu Tanzania.

Likitokea jambo kama hili, watu huuliza: "Nani ameituma?" Sisi tunasema swali hilo linaua. Watu wanapotafuta mchawi au kumsubiri mganga, aliyeanguka anakosa pumzi.

Radi haitumwi na mtu. Ndani ya wingu kubwa la mvua mna matone ya maji na vipande vya barafu. Upepo huvirusha juu na chini, vikagongana. Kugongana huko huzaa umeme. Umeme ukizidi, huruka hadi ardhini. Hewa unamopita hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Sentigredi. Hewa hiyo hutanuka kwa ghafla, nasi tunasikia ngurumo.

Radi hupiga zaidi kitu kirefu kilichosimama peke yake. Ndiyo maana hupiga mbuyu. Haichagui rangi. Nguo nyekundu haiiti radi, wala kioo hakiiti radi.

Basi tufanye nini?

Kanuni ya kwanza ni ya masikio. Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia, hata kama mvua haijaanza. Hata ndugu zetu wa Shule ya Wasioona hapa Buigiri wanaweza kuifuata kanuni hii bila kuuona mwanga. Acha kazi, ondoka. Usirudi shambani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mahali pazuri pa kukimbilia ni nyumba kubwa ya matofali yenye waya za umeme au mabomba ya maji. Chuma hicho hupeleka radi ardhini. Lakini usiguse bomba, wala simu iliyo kwenye chaji. Basi au gari la bodi ya chuma, lililofungwa madirisha, pia ni salama.

Tembe na kibanda cha nyasi havikingi radi vizuri. Kama huna pengine, kaa katikati ya chumba. Usiegemee ukuta wala nguzo, wala usisimame mlangoni.

Ukiwa mbali na nyumba, usijikinge chini ya mti. Usibebe jembe begani. Shuka kutoka mlimani, toka majini. Msikae kundi moja, achaneni nafasi. Mchungaji, usisimame kati ya ng'ombe. Radi ikipiga ardhi, umeme husambaa, ukaingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Ndiyo maana ng'ombe wengi hufa kwa pigo moja. Usilale chini.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Ukimgusa hautakudhuru. Usiogope laana. Wengi wanaweza kupona wakisaidiwa mara moja. Kama ngurumo bado ipo, mpelekeni haraka mahali salama.

Wakipigwa watu wengi, anza na asiyepumua. Mlaze chali. Weka viganja vyako katikati ya kifua chake, kimoja juu ya kingine. Bonyeza kwa nguvu na haraka, kama mara 2 kila sekunde. Ukifika mara 30, mbane pua, mpulizie pumzi 2 mdomoni. Endelea hivyo. Mkichoka, pokezaneni. Mwingine atafute gari la kumpeleka kituo cha afya. Hata anayeweza kusema na kutembea apelekwe akapimwe.

Tunaishauri serikali ya kijiji ilete jambo hili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mvua. Mganga wa zahanati aombwe kuonyesha namna ya kubonyeza kifua. Kamati ya shule ipange fedha za mtego wa radi, nao ufungwe na fundi anayejua kazi hiyo.

Mvua ni uhai wetu. Tuipokee kwa akili. Na jirani akianguka, tusiulize nani ametuma. Tuulize: je, anapumua?