Midoli ya madarasa ya awali itengenezwe Dodoma

Meza za wamachinga wa Majengo, hapa Dodoma, zimejaa wanasesere, bastola na magari ya betri, karibu vyote vya plastiki na vingi vikitoka China, nchi inayoongoza duniani kwa kutengeneza midoli. Gari la betri likiwashwa linakimbia lenyewe, linaimba na kuwaka taa, mtoto akibaki mtazamaji. Betri ikiisha, mchezo nao umekwisha. Gari la waya ambalo watoto wa vijijini hujitengenezea lina somo jingine kabisa. Mtoto anapinda waya apate fremu, anakata matairi kwenye soli za ndala zilizochakaa, kisha anafunga fimbo ndefu ya usukani ili aliendeshe akiwa amesimama. Hapo ndipo kazi ilipo: ekseli ya mbele isipogeuka pamoja na usukani, gari halikati kona. Atafungua, atapinda upya, atajaribu tena. Huo ni uhandisi, ingawa hakuna anayempa alama.

Uzito wa mchezo Serikali inautambua. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao ibara yake ya 31 inataja haki ya kucheza, na Desemba 2021, hapa hapa Dodoma, ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Linalobaki ni kuamua fedha za zana za madarasa ya awali ziende kwa nani. Tangu Serikali ihamie Dodoma ujenzi umeshamiri, maseremala wanachonga milango na vitanda, na vipande vinavyobaki hugeuka kuni. Vipande hivyo vinatosha kabisa kwa malori ya kukokota, vitalu vya kujengea na maumbo ya kuhesabia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana, wanawake na wenye ulemavu. Kinachosubiriwa ni oda.

Wapo watakaosema vitu vya kuchezea vya kienyeji si salama. Kuhusu waya wana haki, ndiyo maana vya darasani viwe vya mbao iliyopigwa msasa, bila msumari unaochomoza. Lakini vya kiwandani navyo visiaminiwe kwa macho. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ililazimika kurudisha midoli mingi iliyotengenezwa China kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Na zile betri bapa kama kifungo cha shati, mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) livipime vyote kwa kipimo kimoja. Hoja ya bei ni nzito zaidi: sokoni, seremala hawezi kushindana na kiwanda kinachofyatua midoli kwa maelfu. Darasani hesabu hubadilika, kwa sababu seti moja huchezewa na watoto wengi, mwaka hadi mwaka, na tairi likivunjika fundi wake yuko mtaa wa pili.

Halmashauri ya Jiji la Dodoma ianze na bajeti ijayo: itoe oda ya zana za mbao kwa madarasa yake yote ya awali, na iigawe kwa vikundi vya mafundi vilivyosajiliwa katika kata zake.