Lami Nayo Ipimwe Uchovu

Msomaji wetu wa Kilindoni au wa Jibondo ana haki ya kuuliza Misugusugu inamhusu nini. Misugusugu iko bara, kando ya barabara kuu ya Morogoro, kati ya Kibaha mjini na Mlandizi, na mtu wa Mafia hupita hapo pale tu anapokuwa na safari ya Chalinze na mbele yake. Jawabu letu ni kwamba hapo ndipo mahali pazuri pa kujifunzia jinsi barabara ya lami inavyokufa, na somo hilo linawafaa watu wa visiwani kuliko hata wenyeji wa Kibaha.

Usiku na mchana hupita hapo malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Wapo wenye malori wanaoona sheria hiyo ni usumbufu. Yafaa waelewe kwamba majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kuwa madhara ya mzigo hayaongezeki sawasawa na uzito wake, bali kwa kadiri ya uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Kwa hesabu hiyo, ekseli ya tani 12 huiumiza barabara takriban mara mbili ya ekseli ya tani 10. Tani mbili tu za tamaa! Mizani basi iendelee, na wanaoikwepa waadhibiwe.

Lakini mizani hupima mzigo, haimpimi mbebaji. Gurudumu linapopita, tabaka la lami hupinda kidogo sana, kisha hurudi. Mara moja si kitu. Likipindishwa mara mamilioni, huanza ufa mwembamba, mara nyingi upande wa chini ambako hakuna jicho linalouona, nao hupanda, hukutana na wenzake, hata uso wa barabara ukafanana na ngozi ya mamba. Maji ya masika yakiingia humo na kulainisha udongo wa chini, mashimo hayachelewi. Hali hiyo wahandisi huiita uchovu. Na lami iliyopigwa na joto na hewa kwa miaka hukakamaa, na ikikakamaa katika tabaka jembamba hupasuka upesi zaidi.

Kwa muda mrefu lami nchini mwetu imenunuliwa kwa kipimo cha sindano. Sindano yenye uzito wa gramu 100 huachwa izame kwa sekunde 5 katika lami yenye joto la nyuzi 25, kisha kina chake husomwa. Ikizama milimita 6 hadi 7, lami hiyo huitwa 60/70. Kipimo hiki ni chepesi, hakina gharama kubwa, na hatusemi kitupwe. Ila kinaeleza tu lami ilivyo siku ile ilipopimwa. Hakielezi itakavyokuwa baada ya kuzeeka chini ya magurudumu, na hilo ndilo mwananchi analolilipia.

Njia ya kulijua hilo ipo. Ilitokana na utafiti mkubwa wa barabara uliofanywa Marekani kati ya mwaka 1987 na 1993. Kwanza lami hutiwa katika chupa zinazozungushwa ndani ya tanuri la nyuzi 163 kwa dakika 85, ili ipate mateso yale yale inayoyapata katika mtambo wa kuchanganyia kokoto. Kisha huwekwa saa 20 ndani ya chombo chenye joto la nyuzi 100 hivi na msukumo wa hewa unaozidi ule wa kawaida mara 20. Hapo huzeeshwa kana kwamba imelala barabarani miaka kadhaa. Mwisho, kipande chake kisichozidi upana wa milimita 8 hubanwa kati ya sahani mbili na kusokotwa huku na huku. Hapo awali kilisokotwa kidogo tu, na wataalamu wengi wakalalamika kwamba msokoto mdogo hauonyeshi uchovu wa kweli. Ndipo ikabuniwa njia ya kuuongeza msokoto hatua kwa hatua kwa dakika tano hivi, mpaka lami ishindwe, na kutokana na hapo hukadiriwa itavumilia mizunguko mingapi.

Sasa turudi kisiwani. Lami ya Mafia huvuka bahari. Hupashwa moto, hupoa ikisubiri chombo au mvua, hupashwa tena, na kila inapopashwa huzeeka. Cheti kilichoandikwa Dar es Salaam siku ya kupakia hakiwezi kuapa kwa niaba ya lami iliyomwagwa katika barabara ya Kilindoni hadi Utende. Bara barabara ikipasuka, gari la viraka hutoka Kibaha na kufika Misugusugu kabla chai haijapoa. Mafia, mafundi, kokoto na mapipa hungoja bahari itulie, na wakati huo mgonjwa anayepelekwa hospitali ya wilaya anarushwarushwa ndani ya gari. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua jambo hili bila ya kuelezwa.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa wizara inayohusika na ujenzi, pamoja na TANROADS na TARURA, waweke sharti katika mikataba ya lami kwamba ipimwe uchovu ikiwa imekwisha kuzeeshwa, na sampuli ichotwe kwenye pipa la kazini, si bandarini peke yake. Majibu yabandikwe katika ofisi ya halmashauri, kwa Kiswahili, ambapo diwani na mvuvi watayasoma.

Tutajibiwa kwamba mashine hizo ni ghali. Ni kweli. Lakini kila mkandarasi hatakiwi kununua yake. Maabara moja ya Serikali iliyo na mashine na wataalamu waliofunzwa yaweza kuhudumia bara na visiwa, kwa sababu sampuli ya kutosha huingia katika kopo moja, na kopo hilo lasafiri kwa boti bila taabu.

Itakapotangazwa zabuni nyingine ya lami kwa ajili ya Mafia, tutalitafuta sharti hilo katika kurasa zake, na tutawaarifu wasomaji wetu kama limo.