Kakamega Ipime Mito Yake Kabla ya Ploti Kuuzwa

Safu ya kila wiki: ARDHI NA SHERIA
Na Consolata Ambani

Mafuriko ya magharibi mwa Kenya huzungumzwa kama shida ya Budalang'i peke yake, kule Busia ambako Mto Nzoia huingia Ziwa Viktoria na ambako matuta ya kuzuia maji yamevunjika mara nyingi, ilhali maji hayo yamekwisha kupita Kakamega kabla ya kufika huko. Nzoia hushuka kutoka milima ya Cherang'ani na Elgon, hupokea Isiukhu na Lusumu, kisha hupita katika nchi tambarare ya Mumias na Matungu. Kakamega yenyewe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa kuwa mji mkuu wa kaunti hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ruhusa ya kujenga kando ya kijito kimoja cha Lurambi au Navakholo ni jambo linalomhusu mwenye ploti na pia wale wote wanaokaa chini yake hadi ziwani.

Kakamega haina uhaba wa sheria za kuongoza ujenzi katika maeneo hayo. Kinachokosekana ni mstari mmoja, uliopimwa na kuwekewa vigingi, unaomwonyesha mwenye shamba mahali ambapo mto unaishia na mahali ambapo haki yake ya kujenga inaanzia. Maadamu mstari huo haupo, sheria hubaki kimya siku ya kuuza ploti, siku ya kuchimba msingi na siku ya kuezeka, kisha husikika siku ya tingatinga.

Ardhi inayobishaniwa ni ukanda wa kingo, yaani kipande kinachopakana na maji pande zote mbili za mto, ambacho mwenyewe anaweza kuwa na hatimiliki yake lakini matumizi yake yamewekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zilikataza kilimo na uendelezaji ndani ya umbali ulio sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, na zikataka umbali huo upimwe kwa kuzingatia kina cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka uliofuata zilitumia tarakimu zilezile, 6 na 30, lakini zikaanza kupima kwenye ukingo wa juu wa mto, huku zikimwachia mkaguzi wa maji nafasi ya kuamua vinginevyo. Kanuni za ugawaji wa ardhi za mwaka 1998, zilizotungwa chini ya sheria ya mipango iliyokuwapo wakati huo, zilitaka hifadhi isiyopungua mita 10. Maofisa wa idara tatu, kila mmoja akiwa na kanuni zake mkononi, wangeweza kusimama kwenye shamba moja na kuonyesha mipaka mitatu, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa amekosea.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi katika ploti ambayo wanunuzi wengi nchini huijua kama hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, ambayo ni takriban mita 15 kwa mita 30 na nusu. Ikiwa ploti ya namna hiyo imekitupia kijito ubavu wake mfupi, na afisa akatumia kipimo cha mita 6, mwenyewe hupoteza sehemu moja ya tano na hubaki na nafasi ya nyumba ya vyumba vitatu, choo na kibustani. Afisa akitumia mita 10, theluthi nzima huondoka, na huenda choo cha shimo kikakosa mahali pa kuchimbwa bila kukaribia kisima cha jirani. Akitumia mita 30, hubaki nusu mita tu, kwa maneno mengine ukuta wa mbele usio na nyumba nyuma yake. Mtu aliyelipa akiba ya miaka mingi hawezi kujua ni ipi kati ya hali hizo tatu itakayomkuta, na muuzaji hana sababu yoyote ya kumweleza.

Ubishi wa mita, hata hivyo, huficha kasoro iliyo kubwa zaidi. Maji ya mafuriko hayafuati umbali kutoka ukingoni bali hufuata kimo cha ardhi, na kimo hicho hutofautiana sana ndani ya kaunti hiyohiyo. Mahali ambapo ardhi huinuka mita moja tu kwa kila mita 200, mto ukipanda mita moja juu ya ukingo wake utasambaa mita 200, na hifadhi ya mita 30 haitakuwa imemkinga mtu yeyote. Mahali ambapo bonde ni la mwinuko mkali, wa mita moja kwa kila mita tatu, mita hizo 30 humpandisha mtu mita 10 juu ya maji, hivyo sheria humnyang'anya mwenye ardhi eneo ambalo mafuriko hayalifikii. Kanuni moja ya umbali hulegea inapohitajiwa kukaza na hukaza pasipo na haja. Majirani wa Kenya hawakuliepuka tatizo hili kwa kuongeza tarakimu: Tanzania iliweka mita 60 katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 2004, na Uganda, katika kanuni za mwaka 2000, iliweka mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine.

Chanzo cha mkanganyiko huu kiko pia katika ramani za ardhi zenyewe. Sehemu kubwa ya mashamba ya Kakamega yalisajiliwa kwa mfumo wa mipaka ya jumla, ambao ramani yake huonyesha mahali shamba lilipo na umbo lake kwa kukadiria, huku mpaka halisi ukiachiwa ua, mti, njia au kijito, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 iliuendeleza mfumo huo kwa mashamba ambayo mipaka yake haijathibitishwa kwa vipimo kamili. Mto hauna uthabiti wa ua, kwa maana hula ukingo mmoja na kuujaza mwingine, na wachimbaji wa mchanga na wafyatuaji wa matofali huuongezea kasi. Mpimaji anapoitwa kuligawa shamba la baba kwa wana wanne, ambao nao watauza vipande vyao kwa wageni, huanza na ramani hiyo ya makadirio na kumalizia na ploti ambazo mwisho wake umeandikwa kuwa ni mtoni. Kama ni shamba la kilimo, mgawanyo huo hupitia Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo inaweza kuukataa, na hapo ndipo pangefaa zaidi swali la mafuriko kuulizwa, kwa sababu hakuna tofali lililokwisha kuwekwa wala fedha ya mnunuzi iliyokwisha kuliwa.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeipa kaunti uwezo mkubwa kuliko unaotumika. Chini yake hakuna anayeruhusiwa kuanza uendelezaji, yaani kujenga, kubadilisha matumizi ya ardhi au kuigawa, bila ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Kaunti inaweza kuandaa mpango wa eneo dogo wenye nguvu ya kisheria, na inaweza pia kutangaza mahali penye matatizo ya pekee kuwa eneo maalum la mipango. Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho wakazi wengi hawakifahamu: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Nia yake ilikuwa kuwabana maofisa wanaokalia mafaili, na ni nia njema. Hata hivyo, katika idara yenye wapangaji wachache na isiyo na ramani ya mafuriko ya kulinganisha na michoro inayoletwa, ukimya wa miezi miwili unaweza kugeuka kibali cha kujenga katika uwanda wa mafuriko, yaani ile ardhi tambarare ambayo mto huitwaa unapofura.

Serikali inapochelewa kwa kiasi hicho, hufika kwa kishindo. Agosti 2018, majengo makubwa ya biashara jijini Nairobi, yakiwemo Ukay Centre na South End Mall, yalibomolewa kwa madai kuwa yamekalia hifadhi ya mto, ingawa yalikuwa yamesimama na kufanya biashara kwa miaka mingi. Baada ya mvua za Machi hadi Mei 2024, ambazo ziliua zaidi ya watu 250 nchini, Wizara ya Usalama wa Ndani iliwapa wakazi wa kingo za mito na mabwawa saa 24 za kuhama, na nyumba za mabondeni jijini Nairobi zikabomolewa mvua ikiwa bado inanyesha, kisha kaya za Mathare zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Hatari ilikuwa ya kweli na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini amri iliyotakiwa kutolewa wakati ardhi inagawanywa ilitolewa watoto wakiwa wamekwisha kulala ndani, na gharama yote ikamwangukia aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote.

Huko Kakamega amri za namna hiyo hukutana na kumbukumbu ya zamani. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji ingekuwa yao daima, na dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, ikavuta wachimbaji wa Kizungu kwa mamia, sheria ileile ilirekebishwa Desemba 1932 ili ardhi ya uchimbaji iweze kutwaliwa bila kwanza kufidiwa kwa ardhi nyingine. Wajukuu wa waliohamishwa wana haki ya kuuliza, wanapoambiwa kuwa robo ekari ya kando ya Isiukhu imekuwa hifadhi, hifadhi hiyo ni ya nani na itatumiwa na nani baada yao.

Jiji la Dar es Salaam lilijifunza somo hili kwa gharama kubwa katika bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilizoathirika zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko na vibarua vyao, na baadhi yao wakarejea bondeni. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikafuata alama za X za rangi nyekundu kwenye nyumba na ubomoaji. Mradi mkubwa wa bonde hilo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umelazimika kuweka fedha za fidia kwa wanaohama. Kumhamisha mtu baada ya kujenga ni ghali mara nyingi zaidi kuliko kumwonyesha mpaka kabla ya kununua, na Kakamega, ambayo bado ina mashamba mengi yasiyogawanywa, ina nafasi ambayo Dar es Salaam haikuwa nayo.

Kazi yenyewe haihitaji sheria mpya ya taifa. Inahitaji mstari unaofuata kimo cha maji, kwa kawaida ule wa mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote. Wengi huyaita mafuriko ya miaka mia na kudhani kuwa hayatawakuta, ilhali kwa nyumba itakayokaliwa miaka 30 uwezekano wa kufikiwa angalau mara moja ni takriban asilimia 26. Ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayosimamia maeneo ya kaskazini mwa Ziwa Viktoria iko mjini Kakamega, na Nzoia una rekodi za miaka mingi za kupima maji, zikiwemo zile za kituo cha Rwambwa. Penye vijito visivyo na rekodi, alama za matope kwenye kuta na ushuhuda wa wazee wa mtaa ni data zinazoweza kupimwa kwa vifaa vya mpimaji. Mstari ukishapatikana, uwekewe vigingi vya saruji, uingizwe katika mpango wa eneo, na Bodi ya Udhibiti wa Ardhi isikubali mgawanyo unaotoa ploti iliyo nzima upande wa maji.

Aliye upande huo tayari asiachwe bila kitu. Nduma na nyasi za mifugo hustahimili maji na huleta pesa, na kanuni za kaunti zinaweza kuzitambua waziwazi kuwa matumizi halali, alimradi ukingo wenyewe usichimbwe. Mikaratusi ni jambo jingine. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe katika ardhi oevu, lakini walio nayo wanaendelea kuiuza kama nguzo, na mtu mwenye karo ya kulipa hawezi kulaumiwa sana kwa hilo. Kwa nyumba za kudumu zilizojengwa kwa kibali cha serikali, fidia kamili ni deni la serikali iliyotoa kibali hicho. Wapo watakaosema kaunti haina fedha za kazi hiyo, nao wana hoja, lakini ni kaunti hiyohiyo inayopokea ada kwa kila mchoro unaoidhinishwa.

Lawama zote zisitwikwe mito. Mjini, kila paa jipya la mabati na kila ua uliomwagiwa saruji hupeleka barabarani maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo, na mtaro uliochimbwa kwa ajili ya nyumba kumi hauwezi kubeba maji ya ghorofa kumi. Kibali cha ujenzi kisichoeleza maji ya mvua yatakwenda wapi ni kibali nusu.

Wawakilishi wadi wa Kakamega wanaweza kuanza na jambo moja, nalo ni kuzuia idhini ya mpango wowote wa mji au soko usio na mstari wa mafuriko katika ramani yake. Kwa upande wake, mnunuzi wa ploti iliyo karibu na maji aitembelee Aprili au Mei, mvua inapokuwa kali, awaulize majirani wa bondeni wala si wakala, na asilipe hata arbuni kabla ya kupata barua ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayotaja, kwa mita, mahali ambapo hifadhi ya mto inaishia kwenye ploti hiyo.