Mrija wa roketi huviringishwa nyumbani

Swali la Jumapili hii limetoka Awendo, Kaunti ya Migori. Mama mmoja ana kijana wa gredi ya nane ambaye siku hizi hana habari na mpira wala redio. Kichwani mna roketi tu. Kijana amesoma mahali kwamba watoto wa Ulaya na Marekani hununua mirija ya karatasi iliyo tayari, myepesi, iliyonyooka kama mshale, kisha wakabandika mapezi na pua, na roketi ikawa roketi. Sasa hampi mamake usingizi: ati atumwe mtu Kisumu, na ikikosekana huko atumwe Nairobi. Mama auliza mawili. Mirija hiyo yapatikana wapi? Na je, mchezo huu ni salama?

Nitaanza na la pili, maana ndilo lenye uzito.

Warusi waliporusha chombo chao cha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wa Marekani waliingiwa na wazimu wa roketi. Wengi walitwaa vipande vya mabomba ya chuma, wakashindilia humo baruti za kujitengenezea wenyewe, wakawasha. Bomba la chuma likizidiwa halipasuki kwa adabu. Hugeuka vigae vinavyoruka kama risasi. Wako vijana waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliozikwa.

Aliyeleta nafuu hakuwa mwanasayansi mkubwa. Alikuwa muuza viatu wa mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska, jina lake Orville Carlisle, mtu aliyependa fataki. Mwaka wa 1954, akitaka nduguye apate cha kuonyesha watu katika mazungumzo yake juu ya ndege ndogo za kuchezea, alitengeneza roketi ndogo ambayo mwili wake ulikuwa mrija wa karatasi, na hata injini yake ilikuwa mrija mwingine mdogo wa karatasi uliojazwa baruti. Ndani mlikuwa na mwavuli wa kuirudisha chini polepole. Mwaka wa 1957 alisoma makala ya G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, akamtumia roketi zake azijaribu. Stine aliona mara moja kilichokuwa mle: karatasi ikipasuka, huraruka tu. Mwaka huohuo akaanzisha chama cha kitaifa cha warusha roketi wadogo, na mpaka leo kanuni za mchezo huo zasema mwili uwe wa karatasi, mti mwepesi au plastiki, chuma kikae mbali, na injini isitengenezwe nyumbani kamwe. Baadaye kijana wa Colorado, Vern Estes, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara ya fataki, aliunda mashine ya kushindilia baruti katika mirija hiyo. Mashine ilianza kazi 1959 na akaibandika jina Mabel, kama vile ni shangazi yake.

Kwa hivyo, mama, mwanao hakukosea kuanza na mrija wa karatasi. Huo ndio uliookoa vidole vya watoto wa watu.

Lakini injini ya baruti, hapana. Kwanza ni sheria. Hapa Kenya kuna Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na kutengeneza au kuweka baruti bila leseni ni kosa, hata mwenye kufanya hivyo awe mtoto mwenye nia njema. Pili, wewe uko Awendo. Tazama nje ya dirisha: miwa, miwa, na miwa tena. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na majani yake makavu yameshikana kutoka shamba hadi shamba. Cheche moja ikianguka humo wakati wa kiangazi, karo ya watoto wa jirani imekwisha. Miwa iliyoungua nayo haingoji. Isiposagwa upesi sukari yake huharibika. Sijui mzazi ataanzia wapi kuomba radhi. Ukiona kijana anakusanya vichwa vya njiti za kibiriti, au anadadisi sana gunia la mbolea, usicheke. Kaa naye uzungumze.

Simwambii aache ndoto. Kenya si mgeni wa roketi. Pale Ngomeni, karibu na Malindi, Wataliano walirusha roketi kutoka majukwaa ya baharini ya San Marco kati ya 1964 na 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka pale setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya Jamhuri. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, wana mradi wa roketi uitwao Nakuja. Huko kuna walimu na maabara. Baruti ingoje huko. Kwa sasa roketi yake isukumwe na upepo, na utashangaa jinsi upepo wa chupa ya soda unavyoweza kuipitisha juu ya paa la nyumba.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: mrija.

Wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi hawahitaji kufundishwa juu ya vibomba vya katikati ya tishu za chooni. Tangu 2019 wamevikusanya hadi wanaviota. Kwa roketi yetu ni vinene mno na vifupi, lakini mpe kijana kimoja akifumue taratibu pale penye mstari wa kuzunguka. Kitafunguka kuwa utepe mrefu uliokatwa mshazari. Hivyo ndivyo viwanda hutengeneza mirija: tepe huzungushwa kwa mshazari juu ya chuma cha duara, mmoja juu ya mwingine. Ni somo zuri kabla ya kazi.

Katika maduka ya vitambaa mjini kuna mirija ya ndani ya majora. Jora likiisha, mwenye duka aghalabu huutupa mrija au huutoa bure kwa anayeuomba kwa heshima. Ni migumu ajabu, lakini mizito. Roketi ya namna hiyo haitaondoka. Iombe kwa kazi nyingine, kama vile kuhifadhia mirija iliyokwisha kutengenezwa isipondeke. Mirija ya karatasi ya alumini ya jikoni ni myepesi zaidi, lakini ni mingapi katika nyumba moja? Naonelea mtu asihangaike kutafuta. Mrija bora ni ule unaoviringishwa nyumbani, kwa sababu unaupa kipimo unachotaka.

Nunua bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 20. Duka lolote la vifaa vya ujenzi linalo. Likate kipande cha nusu mita. Hicho ndicho kalibu ya kuviringishia, na hicho hicho ndicho kitakachorushia roketi baadaye. Kisha karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya A4, ina uzito wa gramu 5 hivi, na upana wake wa milimita 210 unazunguka bomba hilo mara tatu na ziada. Karatasi ya khaki ya pakiti ya unga, au ya mfuko wa saruji uliopukutwa vizuri, ni imara zaidi ingawa haipendezi macho. (Zamani karatasi ya namna hiyo ilitoka kwetu Webuye, mpaka kile kiwanda kikubwa kilipofungwa mwaka wa 2009. Na tukisema hayo: kiwanda cha sukari cha Awendo kimekuwako tangu 1979, na makapi ya miwa, ambayo viwanda vya sukari huyachoma kupata mvuke, ndiyo hayo hayo ambayo kule Tamil Nadu, India, hufanywa karatasi. Tuyaache.)

Jambo wengi wasilolijua ni kwamba karatasi ina uzi, kama ubao. Kata vipande viwili vyembamba vya urefu mmoja, kimoja kwa urefu wa karatasi, kingine kwa upana. Vishike ncha pamoja, vilale hewani. Kinacholegea na kuinama kimekatwa kukingama uzi. Kinachosimama kimefuata uzi. Uzi wa karatasi na ulale sambamba na bomba. Ukikosea, karatasi itapingana nawe, itakunjika mikunjo, na mrija utatoka na makovu.

Kwanza zungusha bomba kwa karatasi kavu mara mbili, uigandishe yenyewe kwa yenyewe, si kwa bomba. Karatasi hiyo ya kwanza ndiyo itakayoacha nafasi ndogo ili roketi iteleze bila kukwama. Ipake nta ya mshumaa kwa kuisugua. Sasa laza karatasi yako mezani. Sehemu ya mwanzo, kiasi cha sentimita 7, iache kavu; inayobaki ipake gundi nyeupe, nyembamba kabisa, ukiisambaza kwa ukingo wa kadi ya zamani. Hapa ndipo watoto huharibu, kwa kudhani gundi nyingi ni nguvu nyingi. Gundi ikizidi karatasi hulowa, hujaa mawimbi, na haitanyooka tena. Uji mzito wa unga wa muhogo au wa ngano wafaa pia, ila mende wataupenda kuliko mnavyoupenda ninyi.

Viringisha kwa viganja viwili, polepole, ukivuta kidogo. Ukimaliza, subiri dakika chache tu, kisha usukume mrija utoke kabla haujajibana. Usimamishe wima kivulini hadi kesho yake. Usiuanike juani, upande mmoja utakauka kabla ya mwingine na utapinda. Ukikauka, uviringishe juu ya meza. Ukiyumba, ugawie mdogo wake achezee, uanze mwingine. Wa kwanza utayumba. Wa tatu hautayumba.

Yaliyobaki ni mepesi. Pua ni pia ya karatasi yenye donge dogo la udongo wa kufinyanga ndani, na mwisho huo uzibwe sawasawa, upepo usivuje. Mapezi matatu ya kadi ngumu yabandikwe nyuma kwa nafasi sawa. Uzito uwe mbele, mapezi nyuma. Ukigeuza mpango huo roketi itapiga pindu hewani. Kwa kurushia, unganisha mdomo wa chupa ya soda ya lita 2 na bomba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa imara, simamisha bomba, valisha roketi, kisha kijana aikanyage chupa kwa mguu mmoja. Kuijaza tena, mtu akunje ngumi mdomoni mwa bomba apulize kupitia ngumi.

Mambo mawili sitayapitia haraka. Mtu yeyote asiinamishe uso juu ya bomba, hata kama chupa yaonekana tupu. Roketi ya gramu 15 yatosha kuharibu jicho. Na kijana asije akaziba bomba la plastiki pande zote na kulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Plastiki hiyo ikipasuka hutoa vigae vyenye makali, nasi tutakuwa tumerudi kwenye bomba la chuma la 1957 kwa njia nyingine. Chupa ya kukanyaga haiwezi kujizidishia nguvu kupita uzito wa mtoto, na ndiyo sababu naipenda.

Rushieni kwenye uwanja wa shule, mbali na nyaya za umeme na mbali na barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, ambako matatu na malori hayatazami angani. Roketi ikitua juu ya paa la mabati, mtoto asipande kuifuata. Bomba mnalo, karatasi ipo, na mrija mwingine utakuwa umekauka kufikia kesho.