Mungu aliisikia damu ya Habili

Huko Marekani kodi ya dola 200 kwa kila kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, iliyowekwa mwaka 1934, imefutwa kuanzia Januari 1, 2026. Waliopigania ifutwe wanasema mlio wa risasi huharibu masikio ya wawindaji. Hilo ni kweli, wala tusilibeze.

Lakini sisi wa Karatu, tunaopakana na msitu wa Ngorongoro, tuna la kuongeza. Mlio wa bunduki usiku humwelekeza askari wa wanyamapori na kumwonya mkulima na mfugaji. Januari 2016, katika Pori la Akiba Maswa, jirani na Ngorongoro, majangili wa tembo walimpiga risasi rubani Mwingereza, Roger Gower, alipokuwa akiwasaka kwa helikopta. Akafa. Kiwambo hakiizimi bunduki kabisa, ila mlio ukififia, jangili naye hunufaika.

Kaini alimuulia nduguye uwandani, mbali na masikio ya watu. Mungu aliisikia damu ikilia kutoka ardhini.

Basi mwindaji azibe masikio yake kwa vizibo, bunduki iendelee kusikika. Nawe unayejua bunduki haramu imefichwa kwa nani kijijini, ukanyamaza kwa sababu ya undugu, kimya chako kinamfaa jangili kuliko kiwambo. Ukitoka ibadani leo, usipitilize nyumbani. Mpitie mwenyekiti wa kitongoji au kituo cha polisi, useme.

Jumapili njema.