Mzozo wa ubatizo Eastlands: Je, maji ndiyo yaokoayo?

MITAA ya Eastlands jijini Nairobi ina Jericho na ina Jerusalem, lakini haina Yordani. Mto Nairobi, unaopita Gikomba na kuteremka hadi Dandora, umechafuka kiasi kwamba ni vigumu kumpata mchungaji atakayethubutu kumzamisha muumini ndani yake. Ndiposa makanisa mengi ya kiroho hukodi kidimbwi cha kuogelea kwa saa chache, hujenga birika karibu na madhabahu, au hununua maji ya lori mifereji inapokauka.

Si mbali na hapo, kasisi humimina maji kidogo juu ya kichwa cha mtoto mchanga, naye huhesabiwa kuwa amebatizwa. Na katika mitaa hiyo hiyo wako Wakristo ambao hawatumii maji kabisa. Wote husoma Biblia moja, na si ajabu kuwakuta watu wa nyumba moja wamegawanyika katika makundi yote matatu.

Swali wanalobishania ni zito: Je, mtu aweza kuokoka bila kubatizwa kwa maji?

Swali hilo si la wanatheolojia pekee. Mama aliyempoteza mtoto kabla ya kumfikisha kanisani hulala nalo. Mzee aliyebatizwa akiwa mchanga hulikabili pale wanawe waliookoka wanapomwambia kuwa ubatizo wake haukuwa kitu. Wachumba wa madhehebu tofauti hukumbana nalo siku wanapotakiwa kuonyesha kadi za ubatizo ili wafungishwe ndoa.

Hata hivyo, historia ya Kenya yaonyesha kwamba ugomvi huu mara nyingi haukuhusu maji yenyewe. Ulihusu nani aliye na mamlaka ya kuufungua mlango wa kanisa, na nani wa kuufunga.

Pande tatu

Kanisa Katoliki ndilo linaloutilia ubatizo uzito mkubwa zaidi miongoni mwa makanisa makuu. Hutegemea maneno ya Yesu kwa Nikodemo katika Yohana 3:5 kuhusu kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Lakini Katekisimu yake ya mwaka 1992, ikisisitiza kwamba ubatizo ni wa lazima kwa waliohubiriwa Injili na walio na nafasi ya kuuomba, yaongeza kwamba Mungu mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Mkatekumeni afaye kabla ya siku yake huhesabiwa kuwa alibatizwa kwa nia, na shahidi wa imani kuwa alibatizwa kwa damu yake. Penye hatari ya kifo, mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie linalokusudiwa na Kanisa.

Waanglikana na Wapresbiteri wa PCEA pia hubatiza watoto wachanga. Kwao ubatizo ni ishara na muhuri wa agano, kama ilivyokuwa tohara kwa Waisraeli. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo Wapresbiteri walilirithi kutoka Uskoti, lasema ni dhambi kuudharau ubatizo, lakini lakana kwamba wokovu umefungamana nao hata asiyebatizwa asiweze kuokolewa.

Upande wa pili wako Wabaptisti, Waadventista wa Sabato na Wapentekoste. Hawa humzamisha mtu aliyekwisha kuamini na awezaye kujieleza. Wengi wao hufundisha kuwa wokovu huja kwa imani, na kwamba maji ni utiifu na ushuhuda wa hadharani. Mfano wao ni mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, aliyeahidiwa Paradiso bila kupitia birika lolote.

Lakini si Wapentekoste wote wasemao hivyo. Wale wabatizao kwa jina la Yesu pekee husoma Matendo 2:38 na kushikilia kwamba kuzamishwa ni sehemu ya wokovu wenyewe. Katika jambo hili, ajabu ni kwamba wamekaribiana na Wakatoliki kuliko na Wapentekoste wenzao.

Upande wa tatu husahaulika. Marafiki, maarufu kama Wakwekari, walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902, na Jeshi la Wokovu likaingia Kenya mwaka 1921. Wafanyakazi waliotoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi jijini walikuja na imani hizo, na Marafiki wana kanisa lao Ofafa. Makundi yote mawili hufundisha kwamba ubatizo wa kweli ni wa Roho, ndani ya moyo, nayo hayana birika wala maji ya kumimina. Anayesema kwamba hakuna Mkristo bila maji hana budi kuwaeleza majirani hawa, ambao wamesali, wakaimba na kuzika wafu wao kwa jina la Kristo kwa zaidi ya miaka 100 nchini.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1929, misheni za Uskoti na ya Africa Inland katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini waikane tohara ya wasichana. Waliokataa walitengwa, na watoto wao wakakosa ubatizo. Kuhusu mila yenyewe, wakati umewapa wamishonari haki, kwani sheria ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Lakini mtoto mchanga hakuwa na kauli katika ugomvi huo, na bado ndiye aliyenyimwa maji.

Wazazi hawakukaa kimya. Walimwalika Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika huko Afrika Kusini. Alifika mwaka 1935, na hadi alipoondoka mwaka 1937 alikuwa amebatiza watoto wengi na kuwatia daraja makasisi Waafrika. Hivyo ubatizo ulionyimwa ulichangia kuzaliwa kwa makanisa huru ambayo yangalipo hadi leo.

Jambo kama hilo lilitokea Nyanza mapema katika miaka ya 1960. Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walikusanya umati uliokuja kuwa Legio Maria. Miongoni mwa waliowafuata walikuwamo watu waliokuwa wamezuiliwa sakramenti kwa sababu ya ndoa za mitala.

Waanglikana nao walichukua karne nzima kulitafakari suala hilo la mitala. Mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1888 ulikataa kumbatiza mume wa wake wengi. Ni mkutano wa mwaka 1988 uliolegeza msimamo, na mtetezi mkuu wa mabadiliko hayo alikuwa Mkenya, David Gitari, wakati huo askofu wa Mlima Kenya Mashariki. Azimio lilikubali mwanamume huyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa sharti kwamba asioe mwingine. Wala asilazimishwe kuwafukuza wake zake wakaachwa bila tegemeo.

Mlango huu hufungwa hata leo, japo kimyakimya zaidi. Mama asiye na mume hupeleka mtoto kanisani, akaambiwa kwanza alete baba. Marehemu Papa Francis aliukemea mtindo huo mwaka 2013, akisema kwamba wanaofanya hivyo huwafukuza watu kwa Mungu. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka idhini ya mzazi mmoja tu, pamoja na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani.

Kuzamishwa upya

Mgogoro unaosikika zaidi Eastlands ni wa aliyebatizwa utotoni kutakiwa azamishwe tena. Jiji la Nairobi lina historia katika hoja hii. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano katika jumba la KICC mwaka 1975, na kutoka hapo makanisa yakatumiwa rasimu ya makubaliano kuhusu ubatizo mmoja yajadili. Kazi hiyo ilizaa tamko la Lima la mwaka 1982, lililosema kwamba ubatizo haurudiwi.

Tatizo ni kwamba wanaozamisha hawakubali kuwa wanarudia. Kwao, maji aliyomiminiwa mtoto asiyeamini hayakuwa ubatizo, hivyo wanachofanya ni cha kwanza. Kila upande una mantiki yake, na hakuna mkutano utakaoimaliza tofauti hiyo kwa kura.

Lakini Kenya iliwahi kuona njia nyingine. Uamsho ulioanzia Rwanda ulifika nchini mwishoni mwa miaka ya 1930, nao ukaleta tofauti kati ya kubatizwa na kuokoka. Ndugu wa Tukutendereza waliungama dhambi hadharani, wakajiita waliookoka, na kwa jumla wakabaki Waanglikana na Wapresbiteri bila kuzamishwa upya. Waliamini kwamba ahadi waliyowekewa utotoni ndiyo waliyoikubali ukubwani.

Uzito wa maji

Agano Jipya lenyewe haliwapi raha wenye misimamo mikali. Mitume hawakumzoea muumini aliyeupuuza ubatizo. Mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa usiku ule ule alioamini. Wakati huohuo, Kornelio na jamaa yake walimpokea Roho Mtakatifu kabla ya kuguswa na maji, na Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hakutumwa kubatiza bali kuhubiri. Anayesema maji pekee huokoa amemsahau Kornelio. Anayesema ubatizo ni desturi tu hana budi kueleza kwa nini Petro aliagiza Kornelio abatizwe hata baada ya kumpokea Roho.

Ukweli huu wapasa kuwafikia wanaoumia. Mama aliyefiwa na mtoto hastahili kutishwa. Tume ya Kimataifa ya Theolojia ya Vatikani ilisema mwaka 2007 kwamba kuna sababu za kutumaini wokovu wa watoto wafao bila ubatizo, na askofu aweza kuruhusu wazikwe kwa ibada ya Kanisa ikiwa wazazi walinuia kuwabatiza. Wabaptisti na Wapentekoste wengi nao hufundisha kwamba mtoto asiyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya hahesabiwi hatia.

Mzee anayetakiwa kuingia birikani ana haki ya kuelezwa wazi kwamba kanisa lake la awali halioni haja hiyo, kisha aamue kwa dhamiri yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, yamlinda asishurutishwe. Wachumba nao ni heri wauulizane mapema, kabla kadi za harusi hazijachapishwa.

Kwa wachungaji, somo la mwaka 1929 lingali hai. Kanisa laweza kuwa na hoja njema, kisha likaipoteza kwa kuutumia ubatizo kama adhabu. Waliofungiwa mlango hawakuacha kumtafuta Mungu. Walitafuta mtu mwingine wa kuwabatiza, na wakampata.