KILICHOFUTWA NI ADA, SI ULEZI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu neno "bure".

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto asome, wananchi vijijini walifyatua matofali na kujenga madarasa kwa nguvu zao. Tangu Januari 2016 Serikali imefuta ada na michango ya lazima katika shule zake. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, maana imemwokoa mtoto wa maskini.

Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na kila siku mchana naona watoto wakisinzia kwa njaa. Wakati wa mavuno tuliwaomba wazazi debe moja moja la mahindi ili watoto wapate uji. Wengi wakajibu, "Elimu ni bure." Wiki hiyo hiyo ilichangwa arusi, wala hakuna aliyenung'unika.

Ndugu wazazi, chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wetu. Mwenye debe alete debe. Asiye nalo alete kuni. Asiyeweza hata hilo asidaiwe, na mwanawe apate uji sawa na wenzake.

Serikali inaweza kutulipia ada. Haiwezi kutupendea watoto wetu. Tukiwaachia njaa, tusije tukamlaumu mwalimu matokeo yakitoka.

Mwalimu wa Kijijini,
Iringa.